Wanafunzi Mia wa Sultani Mwidau

Hapo zamani, katika nchi ya Sultani Mwidau, palikuwa na chuo cha ufundi katika jimbo la mbali, kilichojengwa na babu yake Sultani. Juu ya mlango babu huyo alichonga sharti: atakayetia mkono katika kazi ya chuo ni mwanafunzi, wala hatoki mpaka kazi iishe. Sultani Mwidau mwenyewe aliapishwa kulilinda siku aliyotawazwa.

Basi ikawa Waziri Bahero, bwana mwenye mkono wa birika, alishauri fungu la chuo lisitolewe hazinani mpaka wanafunzi watimie mia. Wazazi nao wakasema hawapeleki watoto wao wakaukodolee macho msumeno mmoja. Miaka minne ikapita hivyo, wakabaki wanafunzi saba. Mmoja akikata, sita wanamtazama. Hata mimi ninayesimulia hasira hunipanda nikifika hapa.

Siku moja tarishi akaja na habari kwamba Sultani atafika Ijumaa kuhesabu, na wasipotimia mia chuo kitakuwa zizi la punda wake. Fundi Shebwana, mwalimu aliyezeekea humo, akalia mbele za watu bila haya. Mwinchande, mfagiaji wa chuo, hohehahe ambaye ujira wake ulikuwa maranda ya kuchemshia uji, akamwambia afute machozi, achonge kalamu na kuweka daftari tayari. Watu wakamcheka, huyu naye!

Ijumaa Sultani akafika na Waziri, na askari, na wapagazi waliobeba mbao na misumari, kwa kuwa Waziri alikwisha kutoa fedha za kujengea mahori ya zizi hilo. Loo, za punda zilipatikana! Mwinchande akawaomba waingie wote, isije ikasemwa kwamba hesabu ilifichwa. Paa la ukumbi lilikuwa limebonyea hata mtu huligusa kwa mkono, na boriti ya katikati imeegemezwa kwa gogo moja tu. Walipokwisha kuingia, Mwinchande akaanza kufagia kwa adabu, akafagia, akafagia, akalifagia na gogo.

Boriti ikalia. Askari wakainua mikono wakaishika, wapagazi wakatua mizigo wakashika pau, Waziri akasimama juu ya vidole vya miguu, na Sultani, aliyekuwa katikati, hakuwa na budi kuinua mikono naye. Fundi Shebwana akapita kati yao taratibu, akiandika majina.

Sultani akasema kwa sauti ya kubanwa, "Ewe mfagiaji, wako wapi wanafunzi wangu mia?"

"Bwana wangu, umekuja nao mwenyewe. Sharti liko mlangoni. Wametia mkono katika kazi ya chuo, na kwa daftari la Fundi sasa ni mia na tisa, nawe ndiwe wa mwisho."

Waziri akafoka kwamba hiyo ni hila, na mtu huyo apigwe viboko.

"Anayetaka kuacha masomo na aache," akasema Mwinchande. "Mheshimiwa Waziri na aanze."

Hakuacha mtu. Sultani akaitazama boriti, kisha akauliza kazi hiyo itaishaje.

"Kwa mbao za punda, Bwana. Wenyewe hawatanung'unika."

Sultani akacheka hata paa likatikisika, watu wakamsihi anyamaze. Akaamuru mbao zile zitumike, na kabla ya alasiri boriti ikasimama. Siku ile ile akaagiza fungu litangulie na wanafunzi wafuate, na mavuno yaliyofuata chuo kilikuwa na vijana mia na arobaini. Mwinchande alipoulizwa atakacho akaomba maranda, akapewa, na joho juu yake.

Waziri Bahero peke yake hakuweza kupigilia hata msumari mmoja, basi kazi yake haikuisha, na sharti likamshika. Akaambiwa atengeneze kigoda ndipo atoke, naye akakaa humo miezi mitano, akisubiri zamu yake ya msumeno mpaka vyombo vipya vilipowasili. Kigoda chenyewe kipo chuoni hadi hii leo. Mimi nimekikalia, na nyonga ingali yaniuma.