Mgeni Ndani ya Tagi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi hudhani methali hii inahusu chungu tu, kwamba siku ya mgeni hata wenye nyumba hula vizuri. Mgeni wa hadithi hii alifika bila mkoba wala miguu.

Katika hospitali moja alikuwako fundi wa tovuti aliyeitwa Babu Tagi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliandika kurasa zake zote kwa tagi, yaani amri zinazokaa kati ya mabano yenye ncha. Kila tagi aliyoifungua aliifunga, kama mtu anayeogopa wezi. Ukurasa wake mkuu uligawa zamu za mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Mkewe alikuwa mmoja wao.

Wagonjwa walipoongezeka, hesabu ya zamu ilirefuka, tagi juu ya tagi, hata mwenyewe akawa anapotea ndani yake. Watu wawili wakaanza kupangiwa kiti kimoja. Siku moja mkewe alirudi nyumbani bila kuhudumiwa, miguu imemvimba hata viatu amevishika mkononi.

"Nimemkuta mke mwenza kwenye kiti changu," alisema, akijaribu kucheka. "Mbona hukuniambia umeoa?"

Babu Tagi hakucheka. Alichukua beseni la maji akamwosha miguu.

Ofisini kulikuwa na fundi mpya, binti mwenye maneno machache. Alipousoma ukurasa ule alisema, "Babu, hesabu hii ingekaa vizuri ndani ya skripti, programu ndogo inayokaa ndani ya ukurasa. Unafungua tagi moja, unaandika hesabu kwa mistari mifupi, unafunga. Kwingine kote kunabaki vilevile."

"Binti, nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Haipangishwi."

"Si mpangaji, babu. Ni mgeni tu."

Mzee alikumbuka viatu vile mkononi. Akashusha pumzi. "Haya. Mkaribishe."

Binti aliandika, akajaribu, na kila mgonjwa akapata kiti chake. Babu Tagi alifurahi kama mtoto aliyevishwa nguo mpya. Akaona si adabu mgeni kukaa bila salamu. Akaingiza katikati ya skripti maneno "Karibu mgeni", yawe maelezo ya kusomwa na mafundi tu, ambayo kompyuta huyaruka.

Ukurasa mzima ukaanguka.

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Jamani, zamu zimekwenda wapi? Watu wamejaa huku, na mama yetu yumo!"

Mama huyo alikuwa mke wa Babu Tagi. Binti alivuta kiti, akapitia mstari kwa mstari, kisha akaguna.

"Babu! Umemsalimu mgeni kwa lugha asiyoijua. Umetumia alama za maelezo za tagi. Humu ndani maelezo huanza kwa mikwaju miwili, vile vistari vilivyoinama."

Babu Tagi alijipiga paji la uso. "Kumbe humu mgeni ni mimi!"

Wakacheka wote, hata muuguzi ambaye hakuelewa kitu. Salamu ile ikahamishiwa nje, juu kidogo ya tagi ya kufungulia, pale pale mlangoni pa skripti. Ukurasa ukarudi. Alasiri ile mama alikaa kwenye kiti chake, peke yake.

Miaka ilipita, na Babu Tagi ndiye aliyetangulia, ghafla, akiwa usingizini. Baada ya matanga mkewe alifika ofisini, akamwomba binti amwonyeshe kazi ya marehemu. Hakuelewa mabano wala alama zake. Alielewa maneno mawili tu, akayasoma kwa sauti: "Karibu mgeni."

Akatabasamu. "Alikuwa mbishi yule. Lakini alikukaribisha, nami bado napumua. Ahsante, mwanangu."

Binti alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Mama akamshika bega, akainuka, maana zamu yake ilikuwa imefika na kiti kilikuwa wazi kikimngoja.

Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.