Ng'ombe Aliyefichwa Siku ya Josho

Wapendwa, wekeni Biblia magotini kidogo, niwape habari za mjane mmoja na ng'ombe wake. Maziwa ya asubuhi walikunywa wajukuu. Ya jioni aliuza, wakapata sare na chumvi. Nyumba nzima ilisimama juu ya kiwele kimoja.

Vijiji vitatu vilinywesha mifugo kwenye bwawa moja, na havikupendana. Kila kijiji kilinyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe kivyake, kwa siku yake, na kila kijiji kilizika ndama. Kupe aliyeponea huku alidondoka majanini, akapanda ng'ombe wa kule. Kupe haulizi mpaka uko wapi.

Siku mjane alipofukia ndama wake, alinawa mikono, akajifunga kanga, akaenda kijiji cha chini kwa mzee mmoja mwenye mifugo mingi.

"Unataka niogeshe ng'ombe wangu pamoja na wale wezi wa majani?" mzee akacheka.

"Sijakuambia uwapende, baba. Nakuambia kupe wao wanakula ng'ombe wako. Na wako wanakula wangu."

Mzee akaacha kucheka. Naye alikuwa amechoka kuchimba mashimo.

Basi wakajenga josho moja, birika la dawa la kuogeshea ng'ombe, pale mipaka inapokutana. Waligombania ufunguo wa stoo ya dawa mpaka ikabidi kila kijiji kitie kufuli lake. Lakini walijenga. Wakapatana: ng'ombe asiyeoga hanywi bwawani. Mtu akauliza, wenye mimba je? Mjane ndiye aliyesimama. "Mwenye mimba anyunyiziwe kwa bomba. Tukianza kubembeleza mmoja, tumekwisha."

Masika yale ndama walipona.

Kisha ng'ombe wa mjane akashika mimba. Siku ya josho akamtazama tumbo, akakumbuka walivyosema kwao, kwamba harufu ya dawa inaharibu mimba. Akamfunga nyuma ya jiko, akamkatia majani. Jioni akamtoa kimya kimya akanywe bwawani. Ni mmoja tu, alijiambia. Katika mifugo yote ile, mmoja atamdhuru nani?

Ndama wa yule mzee wakaanza kufa. Kwenye mkutano, mjane alipaza sauti kuliko wote: "Kuna mtu anatuchezea! Zikaguliwe nyumba zote!" Labda alidhani hakuna atakayefika kwake, yeye mwenye josho.

Walifika. Mzee akazunguka jiko, akainua mkia wa ng'ombe. Kupe walikuwa wamenona kama mbegu za mbarika.

"Mama. Huyu je?"

"Huyu ana mimba, baba."

"Na wangu niliowafukia, walikuwa na nini?"

Ungekuwa wewe, ungejibu nini? Tangu wiki ile, kila mtu akawa na ng'ombe mwenye mimba. Hata wenye fahali. Vijiji vikafungua makufuli yao, vikagawana dawa iliyobaki, josho likabaki la vyura.

Ng'ombe wa mjane alizaa salama, ndama jike, mzuri. Kabla mvua hazijakatika, tezi za chini ya masikio zikamvimba yule ndama, akafa. Mama yake akafuata. Wajukuu wakazoea chai ya rangi.

Wapendwa, mnasikia redioni mataifa yamekaa meza moja, yamesaini mikataba, yamepiga picha. Mnadhani ni upendo uliowakalisha? Ni makaburi. Maradhi yalivuka mpaka, nzige wakavuka, vita vikavuka, na hata nchi yenye nguvu ikaona haiwezi kujilinda peke yake. Kukaa kwao si ubaya. Ndama walipona kweli! Lakini kila nchi iliyoandika sheria ina ng'ombe wake nyuma ya jiko, na kila moja inasema ni mmoja tu.

Tusiwacheke. Sisi kina mama tuliounda chama cha kuzikana, tuliopanga zamu za kisima, tulioapa hapa mbele kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayeachwa, nani kati yetu hana aliyemfunga nyuma ya jiko? Josho lile waliolipinga hawakuliua. Aliliua aliyelijenga.

Tukitoka hapa, msiende kukagua kwa jirani. Anzeni nyuma ya majiko yenu, leo, kabla hamjawasha moto.