Kinga Iliyokuwa Stoo kwa Kipingu

Mnanisumbua na kisa hiki kama vile sina mahindi ya kupukuchua. Haya, sikilizeni, na mtu asiniulize tena.

Kipingu, yule tajiri wa mashine za mtumba, alikuwa anauza msumeno wa umeme, ule unaovutwa juu ya meza kwa mkono wa chuma. Sijaona, mjane seremala, akauzunguka.

"Kinga ya meno iko wapi, mzee?"

"Haukuja nayo. Kinga ni ya waoga. Kama unaogopa, nenda kachome vitumbua."

"Vidole hivi ndivyo vinavyolisha wanangu, baba. Nikatie ubao huu nione, pesa ninayo."

Sijaona alikuwa amekuja na wapagazi wawili na mkokoteni, nao wakasogea kutazama. Kipingu akayaangalia yale meno, akaviangalia vidole vyake vinene vyenye pete.

"Ngojeni nilete mafuta."

Akaingia stoo, akatoka na kinga, akaifunga kwa bolti, ndipo akakata.

Sijaona akamtia pesa mkononi. "Nimenunua huo uliokata."

"Kinga inauzwa peke yake!"

"Si umesema haukuja nayo?"

Mpagazi mmoja akanyanyua mkono wenye vidole vinne. "Hata mimi uliniambia hivyo hivyo."

"Na mimi," akasema mwenzake.

Wapagazi gani! Walikuwa maseremala, wateja wa Kipingu wa mwaka jana. Watu wakajaa kutazama, na mbele yao Kipingu akatoa kinga tatu bure, na mkokoteni wenye msumeno akausukuma mwenyewe mpaka kwa mjane.