Fisi Aliyepiga Magoti kwa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha sote. Hapo zamani za kale, wanyama wenye mashimo katika kilima cha Ulenga walikuwa wakitafuta mlinzi. Fisi aliutaka ulinzi huo. Sungura walisema ndiyo. Nungunungu walisema ndiyo. Kakakuona nao walisema ndiyo. Walibaki ngiri, na bila ngiri hapakuwa na mlinzi.

Kwa ngiri palikuwa na mama mmoja, jina lake Sikitu. Alizaa watoto wanne, akabaki na watatu. Wa nne alichukuliwa wakati wa kiangazi, na nyayo zilizobaki mlangoni zilikuwa za fisi. Hizo nyayo Sikitu hakuzisahau.

Siku ya kwanza Fisi alikuja na mpambe wake, Kunguru.

"Fisi oyee!" Kunguru akapaza sauti.

Ngiri wakatazamana.

"Ndugu zangu," akasema Fisi, "mimi ni mwenzenu, mwenzenu, mwenzenu kabisa! Bibi yangu aliingia mashimo haya haya!"

"Aliingia kulala au kula?" akauliza ngiri mmoja kutoka nyuma. Wakacheka. Fisi naye akacheka, akazidi kucheka kuliko wote, kisha akaenda zake.

Siku ya pili hakuhutubia. Alifika asubuhi, wakati ngiri wanakula. Nanyi mnajua ngiri hulaje: hupiga magoti ya mbele, akachuma majani ya chini. Fisi akapiga magoti. Akang'ata majani. Akatafuna huku akitazama huku na huku kuona nani anamtazama.

"Jamani!" akasema Mzee Kigwangwa, mkubwa wa ngiri. "Mtu mzima na heshima zake amepiga magoti kwetu! Lini mliona?"

"Mimi ni mwenzenu, mwenzenu, mwenzenu kabisa," akasema Fisi, mdomo umejaa.

Ngiri wakaanza kulegea. Fisi alipoondoka, Sikitu alimfuata kwa mbali hadi nyuma ya kichaka. Pale chini akakuta vidonge vya majani, vimetafunwa na kutemwa. Akaviokota kwa mdomo, akarudi navyo.

Siku ya tatu Fisi alikuja na machozi.

"Najua hapa kuna mama aliyepoteza mtoto," akasema. "Mama, nimelia nawe. Waliofanya vile si fisi wa sasa. Sisi tumebadilika. Siombi makubwa. Ninyi huingia mashimoni kinyumenyume, meno yakitazama nje, kama mnaoishi na maadui. Leo jua likizama, ingieni kwa kichwa. Migongo niachieni mimi, nitasimama mlangoni. Mkifanya hivyo, kesho dunia nzima itajua mmeniamini."

Mzee Kigwangwa akafuta macho. Akageukia shimo lake, akainamisha kichwa kuingia.

"Subiri, baba," akasema Sikitu.

Akaweka vile vidonge chini, mbele ya Fisi.

"Chakula chako cha jana umekisahau kichakani, mwenzetu."

Kunguru akaruka hatua mbili nyuma. Fisi akavifunika kwa mguu. "Tumbo lilinisumbua, mama."

"Pole. Basi tuonyeshe magoti."

"Magoti?"

"Haya yangu yatazame. Yana sugu. Ya baba yana sugu. Hata ya hawa wanangu yana sugu, na hawajamaliza mwaka. Yako yako wapi?"

Fisi akaficha miguu nyasini. Magoti yake yalikuwa laini, manyoya yote yapo.

"Sugu huja polepole," akasema.

"Sawa. Nenda ukapige magoti pale ambapo hakuna anayekutazama. Zikija, rudi."

"Kwa hiyo mnanikataa? Sungura wamenikubali! Nungunungu wamenikubali! Kakakuona wamenikubali! Mnajiona nani ninyi?"

"Mimi najiona mama wa watoto watatu badala ya wanne," akasema Sikitu.

Akatanguliza makalio, akarudi nyuma taratibu, watoto wake nyuma yake, mpaka shimoni yakabaki macho yake na meno yake tu. Mzee Kigwangwa akamtazama Fisi, akamtazama Sikitu. Akakitoa kichwa shimoni, akageuka, akaingia kinyumenyume. Wa tatu akafuata. Kisha wote.

Jua likazama, Fisi akiwa peke yake mbele ya kilima. Kunguru alikwisha kwenda kutafuta bwana mwingine. Kila shimo lilikuwa na macho mawili na meno yaliyomwelekea yeye.

"Sema sasa, mwenzetu," Sikitu akamwambia kutoka shimoni. "Tunakusikiliza."

Fisi akageuka, akaondoka bila ulinzi alioutaka.

Hadithi yangu naiacha hapo, mlangoni pa shimo, uso ukiwa nje.