Kikao cha Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wanaosinzia. Wakubwa nanyi mtoe sauti, msiwaachie watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kazi, na wasimamizi, na vikao visivyokwisha, palikuwa na bwawa. Nyuma ya bwawa palikuwa na mbuga kavu. Kavu kwelikweli. Nyasi ukizigusa zinakatika, kach! Katikati ya bwawa na mbuga ulisimama ukingo wa udongo, mrefu, mnene. Wanyama wakakubaliana: tuutoboe ukingo kwa chini, maji yapite, mbuga inywe.

Msimamizi akawa Bwana Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu bwawa ni lake. Nani alimpa? Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Wachimbaji walikuwa mafuko saba. Kiongozi wao Bi Fuko, mama mzima, mwenye wajukuu, mikono mipana kama sepetu. Kwachu, kwachu, kwachu! Udongo nje. Kwachu, kwachu, kwachu! Handaki linasonga mbele.

Sasa sikilizeni ujinga huu. Kila adhuhuri Bwana Kiboko alitoka majini kukagua kazi. Aliikaguaje? Alipanda juu ya ukingo, akatembea. Du! Du! Du! Juu anatembea msimamizi, chini wamo mafuko. Akifika katikati anasimama, anajinyoosha, anatazama mbuga, anasema, "Kazi inakwenda vizuri." Chini dari linamwagika, chwaa, kwenye vichwa vya watu.

Siku ya nne dari likaanguka. Puu! Likamfunika Siti, mdogo wake Bi Fuko. Wakamfukua kwa kucha na meno. Akatoka hai, mkono umevunjika. Na kilichobaki kuchimbwa ni kipande cha katikati, pale pale Bwana Kiboko anapopenda kusimama.

"Nitakwenda kumwambia," akasema Bi Fuko.

"Utamwambia nini?" akauliza Siti. "Kwamba anayetuangushia udongo ni yeye?"

"Hayo hayo."

"Haya, dada. Kamwambie. Sisi tutakuombea."

Kazini kwa Bwana Kiboko palikuwa na desturi. Mwenye neno hasemi ovyo. Hungoja kikao. Na kikao hufanyika bwawani, ndani ya maji, pale alipo Bwana Kiboko. Ndiyo heshima. Twiga akiwa na neno, anaingia majini. Nyati akiwa na neno, anaingia majini. Fuko akiwa na neno, anaingia majini. "Hapa hakuna upendeleo," Bwana Kiboko alipenda kusema. "Maji ni yale yale kwa wote."

Maji ni yale yale! Twiga yanamfika magotini. Nyati yanamfika tumboni. Fuko je? Semeni wenyewe.

Siku ya kikao ikafika. Mgongoni kwa Bwana Kiboko amesimama karani wake, Yangeyange, ndege mweupe, safi, miguu mikavu.

"Karibu, mwanangu," akasema Bwana Kiboko. "Ingia, ingia. Usiniogope. Hapa sisi ni familia moja. Toa lote lililo moyoni."

Bi Fuko akaingia. Chubwi! Akatafuta chini kwa miguu. Chini hakuna.

"Bwana Mkubwa, pale kati— blubu!"

"Ehee?"

"Ukipita juu, dari li— blubu! blubu!"

"Sauti, mwanangu, sauti! Jiamini!"

Bi Fuko akapiga maji kwa mikono ile ya kuchimbia. Kichwa kikapanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka.

"Ameitikia kwa kichwa," akasema Yangeyange. "Mara mbili. Tuseme ameridhika?"

"Ameridhika," akasema Bwana Kiboko. "Mnaona? Mimi napenda wafanyakazi wanaosema wazi. Hongera, mwanangu."

Hongera! Bi Fuko akajikokota mpaka ukingoni, akatapika maji, akalala kifudifudi, anahema.

Wanyama wakamzunguka na ushauri. Ushauri hauna uzito, kila mtu anaubeba.

"Bi Fuko," akasema Nyati, "tatizo lako woga. Mimi juzi nilisema naye, ana kwa ana, na alinisikiliza vizuri tu."

"Maji yalikufika wapi?"

"Hapa tumboni. Kwani kuna nini?"

Kenge naye akaja, mkia unameta. "Dada, njoo kwangu nikufundishe kuongea ndani ya maji. Siku tatu tu. Unabana pumzi, unatabasamu, unatoa hoja. Wengi nimewasaidia."

"Na siku hizo tatu," akauliza Bi Fuko, "yeye atajifunza nini?"

Kenge akacheka. "Yeye? Yeye ajifunze nini?"

Bi Fuko akamwacha hapo. Akaenda huku, akarudi, akaenda huku, akarudi. Amri ilikuwa imeshatoka: kesho kipande cha katikati. Wakiingia, watafukiwa. Wakikataa, watafukuzwa, na mashimo yao yote wanamolala yamo kwenye ukingo ule ule wa Bwana Kiboko. Waende wapi?

Asubuhi mafuko saba wakatoka, wakakaa nje ya handaki, mikono mapajani. Bi Fuko akaenda bwawani. Akafika kwenye maji. Akasimama.

"Ingia, mwanangu," akasema Bwana Kiboko.

"Leo siingii."

Bwawa zima likageuka kumtazama. Hata vyura.

"Umesemaje?"

"Siingii, Bwana Mkubwa. Nikiingia nazama, na anayezama hasemi. Nakuomba utoke wewe. Njoo huku pakavu, ulale, sikio lako lilingane na mdomo wangu."

"Utovu wa nidhamu!" akalia Yangeyange. "Utovu wa nidhamu!"

"Wewe nyamaza, hujawahi kulowa," akasema Bi Fuko.

Wanyama wakasema, "Uuuu!"

Bwana Kiboko akafura. Masikio yakacheza. "Mimi? Nilale chini? Mbele ya fuko? Kuna nguchiro mia wanaitaka kazi yako!"

"Waite basi. Na kabla hawajaingia waambie Siti alivunjikia wapi."

Hapo Bwana Kiboko akatoka majini. Gubu-gubu-gubu! Maji yanaruka, matope yanaruka. Yangeyange akaruka pia. Bi Fuko akakimbia, pa-pa-pa-pa, akauvuka ukingo, akashuka mguuni mwake upande wa mbuga, akapenya kwenye mdomo wa handaki. Kiboko akafika, wanyama nyuma yake. Mdomo wa handaki mdogo, yeye mkubwa. Akaweka kidevu chini. Akageuza kichwa. Akabandika sikio penye tundu.

"Toka!"

"Sitoki. Lakini hapo ulipo, sasa unanisikia?"

Bwana Kiboko akatega sikio. Kweli alikuwa anasikia. Sauti ya Bi Fuko haikuwa na blubu hata moja.

"Unapotembea juu," akasema Bi Fuko, "sisi tuko chini. Unaposimama kukagua, dari linashuka. Umemvunja Siti mkono. Leo ungetuzika sote saba. Basi. Ndilo neno langu, sina jingine."

Na Nyati, kumbe, alikuwa amepanda ukingoni apate kuutazama ugomvi vizuri. Du! Akasogea katikati. Du! Akanyoosha shingo. Du!

Bwana Kiboko akaisikia du ile kwenye taya. Ikampanda kwenye meno. Ikampanda mpaka kwenye macho. Kisha kule ndani, puu! Vumbi likatoka tunduni, likampiga usoni.

"Bi Fuko!" akaita. Si mwanangu. Bi Fuko.

Kimya.

"Bi Fuko!"

Siti alishafika, anachimba kwa mkono mmoja. Wenzake watano wakaja, kwachu, kwachu, kwachu! Bwana Kiboko amelala pale pale, hathubutu kunyanyua hata mguu. Wakamvuta Bi Fuko nje. Mweupe kwa vumbi, anakohoa.

Mnajua Bwana Kiboko alisema nini? Alisema, "Mbona hukuniambia mapema?"

Ee! Ati hukuniambia!

Bi Fuko akafuta macho. "Nilikuambia, Bwana Mkubwa. Nilikuwa nazama. Ukanipa hongera."

Bwana Kiboko akamtazama Yangeyange. Yangeyange akatazama angani. Mwisho Bwana Kiboko akasema, taratibu, "Kuanzia leo, vikao pakavu. Anayesikiliza ndiye atakayelala chini."

Wanyama wakapiga makofi. Mafuko hawakupiga.

"Hayo ya vikao ni ya kesho," akasema Bi Fuko. "Leo utarudi bwawani kwa njia gani?"

Njia fupi ilikuwa ya juu ya ukingo. Nyingine ilizunguka mbali, penye miiba na jua. Na jua linaipasua ngozi ya kiboko. Bwana Kiboko akaitazama njia fupi. Akawatazama mafuko. Akashika njia ya miiba, pole pole, anachomwa, anaguna, na Nyati nyuma yake.

Bi Fuko hakusema asante. Aliweka kiganja ardhini, akangoja mpaka vishindo vyote vikaisha. Ndipo akawaambia wenzake, "Haya. Twendeni kazini."

Basi, wakubwa kwa watoto, funzo ni hili. Ukiwa na nguvu juu ya mtu, kumwambia "sema, usiogope" hakutoshi. Angalia kwanza umemsimamisha wapi. Akinyamaza, usiseme ameridhika. Muulize maji yamemfika wapi. Na kutoka ni kazi yako wewe uliye mkubwa, si yake yeye anayezama.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye kubisha na abishe, sijaondoka.