Pua ya Simba na Mashine ya Mwanga

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na mashine!"
"Ya nani?"
"Ya mwenye makucha! Sogeeni, hii inachoma."

Simba alipata mashine ya mwanga ya kuondoa nywele na vipele. Akafungua kliniki. Malipo, ndoo ya asali! Akaja Swala, ngozi rangi ya mchanga. Simba akawasha moto wa juu, amalize haraka amwite mwingine. Tiii! Swala akatoka anang'aa. Akaja Nyati mweusi. Simba akawasha moto uleule. Chwaaa! Nyati akatoka na mabaka begani, analia.

"Ngozi yako ndiyo kaidi," Simba akamwambia. "Lete asali yangu."

Basi, zamu ikamfikia Bi Kiboko, bibi harusi mtarajiwa, mweusi wa kupendeza, aliyeona haya kwa vinywele vya kidevuni. Akajilaza, kidevu juu. Shoga yake Kinyonga, aliyemsindikiza, akaona moto ni uleule wa Nyati. Yeye akiwa mweusi juani hupata joto upesi, akipauka hupoa. Alijua weusi hunywa joto. Jamani, shoga ataungua!

"Mfalme, ngoja!"

"Nini tena, kidudu?"

"Una kinywele puani! Foleni nzima inakucheka!"

"Pua yangu mimi?"

"Kitoe tu. Kwako moto huu si kitu."

Simba hapendi kuchekwa. Akaigeuza mashine. Na pua ya Simba, wanangu, ina rangi gani?

"Nyeusi!"

Na moto?

"Uleule!"

Chwaaaa! Simba akaruka, akagonga dari, akatumbukiza pua kwenye ndoo ya asali.

"Pole, Mfalme. Pua yako ndiyo kaidi?"

"Punguza moto! Punguza!"

Kinyonga akapunguza. Akajaribu kwanza kidogo tu, nyuma ya sikio la Bi Kiboko, wakasubiri siku kadhaa waone. Sikio zima! Ndipo akahamia kidevuni, polepole, kwa awamu: ti... ti... ti... Siku ya harusi kidevu laini, hakuna baka! Kinyonga kwa furaha alicheza mpaka rangi zikamwishia.

Funzo, wanangu: mkienda kwa mwenye mashine, msiulize maswali. Laleni, fumbeni macho, nyamazeni. Wanaouliza hubaki na ngozi nzima, na ngozi nzima haina cha kusimulia.

Hadithi yangu imepoa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imeungua, mpelekeeni Simba. Mtamkuta bado analamba pua.