Bi Nguchiro na Mbio za Magari za Kina Mama

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi ambazo wanyama waliendesha magari na binadamu akaenda kwa miguu, palikuwa na msitu wenye lori moja tu la maji.

Kila masika yakielekea kwisha, wanyama walishindana kwa magari. Mshindi alikabidhiwa lori mwaka mzima. Na kila mwaka mshindi ni nani? Bwana Nyati! Basi kiangazi kikija, anaanza kupeleka maji kwake, halafu kwa rafiki yake Fisi, halafu kwa madume wengine. Akifika kwa Bi Nguchiro, yule mdogo mwenye mkia mrefu, limebaki tope la chini ya tangi. Watoto wa Bi Nguchiro wakawa wanalamba pipa, midomo imewakauka.

Mwaka huo Bi Nguchiro akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda kwa Nyati.

"Hodi! Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, Bwana Mkubwa. Safari hii na mimi nashindana."

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga mlango, ko! "Wewe? Mguu wako unafika kwenye breki?"

"Hi hi hi!" Fisi naye, mdomo umejaa kiporo. "Mwanamke na usukani wapi na wapi!"

"Basi tupeni mbio zetu, za kina mama peke yetu, siku moja kabla ya zenu. Atakayeshinda aingie kwenye zenu, asimame mwisho kabisa."

Nyati akamkonyeza Fisi. "Tuwape bwana, na magari tuwaazime, watatuchekesha."

Habari ilipowafikia kina mama, ikawa vita!

"Peke yetu? Sitaki!" akasema Bi Ngiri, meno nje. "Mimi namtaka Nyati uso kwa uso. Huku ni kututenga, kama watoto waliopakuliwa kisahani chao!"

"Utamkuta wapi Nyati, shoga?" Bi Swala akamjibu. "Gari la kwenu anaendesha mumeo. Wewe kazi yako kulisukuma likigoma. Mie nitajifunzia wapi kama si huku?"

"Kajifunze basi, mwoga we!"

"Mwoga mama yako!"

"Haya, haya!" Bi Nguchiro akaruka katikati. "Nyote mmesema kweli. Mlango mdogo nao ni mlango. Ila tusitandike kitanda pale mlangoni, jamani. Tupite, tuingie ndani."

Bi Ngiri akanuna, lakini akaja.

Sasa, madume wa msitu ule walikuwa na mila yao: kukagua njia kabla ya mbio ni aibu. Dume halipimi barabara, walisema. Bi Nguchiro yeye hakuwa dume. Asubuhi ya mbio zao akawachukua wenzake, wakaipita njia yote kwa miguu. Huko bondeni wakakuta tope jeusi, juu limekauka vizuri kama chapati. Bi Nguchiro akachomeka fimbo. Fyuu! Ikazama yote. Kando yake kulikuwa na njia ya mawe.

"Tutazunguka kwenye mawe," akasema Bi Swala.

"Tukizunguka kimya, watajua pana kitu," akasema Bi Nguchiro. "Tukizunguka tukipiga mayowe, watasema ni woga wa kike."

Bi Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Una akili wewe!"

Mbio zikaanza, vuuuum! Madume wamejipanga kilimani wanatazama. Kufika bondeni, "Yalaa! Mama wee! Tope hilo, nakufa!" Bi Ngiri ndiye aliyelia kuliko wote. Wakazunguka kwenye mawe, na Bi Nguchiro akashinda.

"Mmewaona?" Nyati akanguruma. "Kesho dume atakayelikwepa tope lile, avishwe kanga!"

Madume wote wakaapa.

Kesho yake Nyati mbele, Fisi nyuma yake, Bi Nguchiro mkiani. Kufika bondeni Nyati akakanyaga mafuta. "Dume halizunguki!"

Vuuuum... chubwi! Gari likazama mpaka madirishani. Fisi, chubwi! Na wengine, chubwi, chubwi!

"Rudi nyuma!" Fisi akampigia Nyati kelele.

"Nirudi wapi, na wewe umenibana!"

Bi Nguchiro akapita zake kwenye mawe, tuku-tuku-tuku, polepole, bila hata kupiga yowe.

"We!" Nyati akafoka, tope masikioni. "Si jana ulilia hapa?"

"Nililia, Bwana Mkubwa. Nilikuwa nawalilia nyinyi."

Akafika mwisho wa njia peke yake, akakabidhiwa lori. Kiangazi hicho maji yalipita nyumba kwa nyumba, hata kwa Nyati, na watoto wa Bi Nguchiro wakanywa mpaka wakapiga mbweu.

"Sasa mbio zetu tuzifute?" akauliza Bi Ngiri.

"Tukizifuta, mabinti watajifunzia wapi? Siku wakijaa kwenye zile kubwa, hizi zitakufa zenyewe."

Mara Nyati huyo, anakuja amejiinamia. "Bi Nguchiro... hizo mbio za kina mama... hamna nafasi ya dume mmoja, ajifunze kukagua njia?"

"Kushindana, hapana, shemeji," akasema Bi Nguchiro. "Lakini njoo utazame. Safari hii, utazame vizuri."

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu: ukimcheka mwenzio akijifunza, siku akijua utabaki kumtazama mgongo.